Friedrich von Schele

Friedrich von Schele (1847 – 1904) alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani na gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani miaka 1893 – 1895. Alishika ugavana pamoja na ukamanda wa jeshi la kikoloni.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Mpwapwa na Ugogo, katika mkoa wa Dodoma wa leo. Wajerumani walikuwa na boma Mpwapwa tangu 1889, lakini Wahehe wa Mkwawa bado walitisha njia hiyo. Tena mwaka 1891, huko Lugalo, walikuwa wamemuua kamanda Emil von Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake. Schele alikwenda mwenyewe. Tarehe 30 Oktoba 1894 aliteka Kalenga, ngome ya Mkwawa karibu na Iringa, akatunukiwa nishani ya Pour le Mérite. Hata hivyo Mkwawa aliponyoka akaendelea kupigana hadi 1898. 

Mwaka 1895 Schele alijiuzulu. Hakukubali kuwa chini ya Idara ya Makoloni ya Berlin, iliyoongozwa na Paul Kayser, ambaye hakuwa mwanajeshi. Ugomvi ulihusu nani mwenye kauli juu ya jeshi na vita vyake. Wahehe, bila shaka, hawakuulizwa.

Alifuatwa na Hermann von Wissmann, aliyepewa ugavana bila ukamanda. Jeshi likawa chini ya Lothar von Trotha, yule aliyewaangamiza Waherero wa Namibia kuanzia 1904.