Monika Alingoja, Lakini Hakukaa Bure



Huenda kuna jambo mmeliombea miaka mingi nyumbani mwenu. Mume haingii kanisani. Mtoto ameacha sala. Pombe imekataa kutoka. Umesali rozari mpaka shanga zimechakaa, na bado huoni mabadiliko. Kabla hujakata tamaa, mtazame Mtakatifu Monika.

Alizaliwa mnamo mwaka 332 katika mji wa Tagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Ni Mwafrika mwenzetu. Wazazi wake Wakristo walimwoza kwa Patrisi, mtu ambaye hakuwa amebatizwa, mwepesi wa hasira na asiye mwaminifu katika ndoa. Mama mkwe naye alimchukia kwa ajili ya fitina za watumishi. Je, wewe ungefanya nini? Monika alingoja hasira za mumewe zitulie, ndipo aseme naye kwa upole. Mama mkwe alishindwa na wema wake, wakapatana. Patrisi naye alibatizwa mwishoni mwa maisha yake, akafariki mnamo mwaka 371.

Hapa tuelewane. Patrisi hakujulikana kumpiga mkewe. Uvumilivu si kunyamazia kipigo, na anayepigwa nyumbani hatendi dhambi akitafuta usalama na msaada.

Msalaba mzito zaidi ulikuwa mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354. Alipokwenda masomoni Carthage, aliishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, Adeodatus. Kisha akafuata mafundisho ya Wamani kwa miaka ipatayo tisa. Monika alilia na kufunga. Alimwendea askofu mmoja akimsihi abishane na mwanawe. Askofu alikataa, kwa kuwa kijana alikuwa bado hafundishiki, akamtuliza mama kwamba mwana wa machozi kama yale hawezi kupotea.

Mwaka 383 Augustino alitaka kwenda Roma. Monika alimfuata hadi pwani akimwomba Mungu amzuie. Mwana akamdanganya. Usiku ule mama akisali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriano, meli iling'oa nanga. Asubuhi alibaki ufuoni akilia.

Fikirini jambo hili. Ombi la usiku ule Mungu hakulitimiza. Lakini safari hiyohiyo aliyoipinga Monika ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosi, ambaye mahubiri yake yalianza kumfungua macho.

Monika hakukaa bure. Alivuka bahari akamfuata. Hata yeye alikuwa na haraka zake: alimchumbia mwanawe msichana ambaye umri wa kuolewa ulikuwa haujafika, na mama wa Adeodatus akarudishwa Afrika peke yake, akiwa ameachwa. Ndoa ile haikufungwa. Mungu alikuwa na njia yake. Augustino aliongoka mwaka 386, na katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosi alimbatiza pamoja na Adeodatus. Miezi michache baadaye Monika alifariki Ostia, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake, wakingoja meli ya kurudi nyumbani. Hakujali azikwe wapi. Aliomba tu akumbukwe altareni. Kanisa humkumbuka tarehe 27 Agosti, na kesho yake humkumbuka mwanawe, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu wa Kanisa.

Nanyi, msipangie Mungu saa. Salini, semeni kwa upole wakati ufaao, tafuteni ushauri wa padre au wa wanandoa waliokomaa, na mengine mwachieni yeye.

Kwa mazungumzo yenu jioni hii:

1. Ni ombi gani tumechoka kuliomba? Tutaliombaje pamoja tena?
2. Je, huwa nangoja hasira ya mwenzangu itulie, au nachochea moto?
3. Ni wapi tumeona baadaye kwamba Mungu alipotukatalia alitutendea mema?