Yatima aliyeifungia saa maji

Ni ajabu kwamba saa za wapiga mbizi nilizopata kuziona nyingi pamoja hazikuwa Lamu wala Mombasa. Zilikuwa Kitale, mji wa mahindi, mbali kabisa na bahari. Mwenyeji wangu huko anazo tisa sandukuni, kongwe tupu, na kila moja imezeeka kwa namna yake. Nikatamani kumjua aliyelianza jambo hili.

Jina lake Hans Wilsdorf. Alizaliwa Kulmbach, Ujerumani, mwaka 1881. Alipofikia miaka 12, baba na mama wote wamekwisha kufa. Jamaa zake wakaiuza biashara ya marehemu, wakamtia skuli ya bweni. Sisi tuliosomeshwa chuoni twajua kwamba mali ya yatima ni moto. Lakini yeye ukubwani alisema kuwa jambo lile ndilo lililomfunza kutunza chake.

Mwaka 1900 alikwenda La Chaux-de-Fonds, Uswisi, akaajiriwa kwa wauza saa. Kisha akahamia London, na mwaka 1905 yeye na Alfred Davis wakafungua kampuni yao. Jina la Rolex likaandikishwa mwaka 1908. Siku hizo mwanamume akiweka saa mfukoni. Ya mkononi ilikuwa pambo la wanawake. Wilsdorf hakujali. Mwaka 1914 saa yake ya mkono ikafaulu mtihani mkali wa Kew, Uingereza, uliokuwa ukifanyiwa saa za mabaharia. Ushuru mkubwa baada ya vita ndio uliomhamishia Geneva.

Adui aliyebaki ni vumbi na maji. Mwaka 1926 akatoa saa aliyoiita Oyster, yaani chaza, kwa vile ilivyojifunga. (Mwaka huo huo Kanali Stoneham alianzisha makumbusho yake Kitale, naye mkusanyaji asiyechoka, ila wake walikuwa vipepeo.) Mwaka uliofuata Mercedes Gleitze, mwogeleaji Mwingereza, alijitosa baharini baina ya Uingereza na Ufaransa, saa ile imening'inia shingoni. Alikaa majini zaidi ya saa kumi, baridi ikamshinda, akaopolewa. Saa ilikuwa ingali ikienda. Biashara matangazo: Wilsdorf akaununua ukurasa wa mbele wa Daily Mail akaitangaza. Mwaka 1953 ikaja Submariner, ya kuzama mita 100. Tuseme haki, Blancpain nao walitoa ya kwao mwaka huo.

Sasa huo uzee wake. Uso mweusi hupigwa na jua na unyevu miaka mingi, ukageuka rangi ya kahawa, na wakusanyaji huulipia zaidi ya uliobaki mweusi. Rangi ing'aayo gizani kwenye akrabu zamani ilitiwa rediamu. Tangu miaka ya 1960 ikatumiwa tritiamu, ambayo nusu ya nguvu zake hutoweka kila miaka 12 hivi. Ndiyo maana za zamani hazing'ai tena, zimekuwa rangi ya maziwa yaliyolala. Rediamu ni hatari zaidi: mng'aro hufa, sumu hubaki kwa karne nyingi, hivyo usiifungue saa kama hiyo mezani pa chakula. Mpira wa ndani nao hukauka ukapasuka, na saa iliyovumilia vilindi ikaharibiwa na maji ya kutawadhia.

Mwenyeji wangu aliipeleka moja, urithi wa babake, kwa fundi wa barazani Bungoma, atake kuupaka uso rangi mpya. Fundi akakataa kazi na pesa. Alibadili mpira tu, akamrudishia. Mwenyeji alinuna; mimi nilimpenda yule fundi palepale.

Wilsdorf hakujaliwa mtoto. Mkewe Florence alifariki mwaka 1944, na mwaka uliofuata akaunda wakfu, akaukabidhi hisa zake zote, sehemu ya faida iende kwenye mambo ya hisani. Wakfu nasema, maana sina neno jingine lililo karibu zaidi. Yeye alifia Geneva Julai 1960, na wakfu ule ndio mwenye Rolex hadi leo.