Mbegu za Amani katika Mashamba ya Migori

Mwanafunzi wa Nyatike au Ndhiwa alaye ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama huenda hajapata kulisikia jina la Harold Haydon Storey. Hata hivyo, miongoni mwa wataalamu wa maradhi ya mimea, jina hilo ni mashuhuri.

Storey alizaliwa mwaka 1894. Katika miaka ya 1920, akiwa Durban, Afrika Kusini, alithibitisha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi husambazwa na kidudu kinachofyonza utomvu wa majani. Mwaka 1928 alihamia kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Huko aligundua kuwa baadhi ya vidudu hivyo haviwezi kueneza ugonjwa, na kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza. Alifariki mwaka 1969.

Lakini kazi yake inayotugusa zaidi ni ya muhogo. Mwaka 1936 alikuwa wa kwanza kuueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ili kuupinga ugonjwa huo pamoja na batobato, yeye na mwenzake Nichols waliuchavusha muhogo kwa mti wa mpira ulio jamaa yake, kisha wakayarudisha mahuluti kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, hadi mizizi ikafaa kuliwa.

Katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, zikawa wazazi wa aina sugu. Batobato kali ilipotoka Uganda na kuvamia magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, aina za ukoo huo zilirejea Afrika Mashariki kuyaokoa mashamba. Mwaka 2016, wataalamu walioisoma jenomu ya muhogo, yaani maelekezo yake yote ya urithi, walivikuta humo vipande vya mti ule wa mpira.

Kazi haijaisha. Aina nyingi zilizoishinda batobato zimeshindwa na michirizi ya kahawia, ambayo sasa huozesha mizizi hadi ukanda wa Ziwa. Kinga inatafutwa, pamoja na kwingineko, katika Kaleso, zao jingine la Amani lililotunzwa na wakulima wa Pwani.

Ni kweli kwamba utafiti ule ulikuwa wa serikali ya kikoloni, na mkulima hakushauriwa. Lakini uligharimiwa na umma, na manufaa yake yalitufikia baada ya miaka zaidi ya hamsini. Mfanyabiashara atazamiaye faida ya mwaka huu hawezi kungoja hivyo. Serikali inayovipunguzia fedha vituo vyake vya utafiti inawanyima chakula wajukuu ambao bado hawajazaliwa.

Mwalimu wa Migori au Homa Bay afundishaye somo la urithi hana haja ya kuanza na njegere za Mendel. Na achume jani la muhogo nje ya dirisha la darasa. Akiba haiozi.