Profesa Odhiambo, Mzaliwa wa Mombasa Aliyewatetea Wakulima kwa Elimu ya Wadudu

Mkulima wa Majoreni apasuapo bua la muhindi ulionyauka, si ajabu akamkuta kiwavi ndani. Mdudu huyo, mwenye asili ya bara Asia, amewatia hasara wakulima wa pwani kwa miongo mingi. Miongoni mwa waliopambana naye ni marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1931.

Baada ya masomo ya Maseno na Makerere, Odhiambo alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akafundishwa na bingwa wa elimu ya wadudu, Vincent Wigglesworth, na kutunukiwa shahada ya uzamifu. Angeweza kubaki ng'ambo. Alirejea, na mwaka wa 1970 akaasisi jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE.

Kituo hicho kilifika hadi Muhaka, Kwale. Mwaka wa 1993, Odhiambo angali mkurugenzi, watafiti wake waliachilia mashambani mwa pwani nyigu mdogo aliyetoka Pakistan. Nyigu huyo humfuata kiwavi ndani ya bua, akamtaga mayai mwilini. Watoto wakianguliwa humla kiwavi kwa ndani hadi afe. Mkulima hanunui dawa wala hakodi bomba la kunyunyizia. Viwavi hawakuisha, lakini tafiti za baadaye zilionyesha kwamba walipungua pwani.

Odhiambo alifariki dunia Mei 2003. Nyigu wale walikuwa wamekwisha kuenea wenyewe.