Richard Pryor: mchekeshaji aliyeacha tusi lake Nairobi

Mchekeshaji Mmarekani Richard Pryor alifariki tarehe 10 Desemba 2005 huko Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 65. Wengi wanamkumbuka kwa filamu zake. Lakini kazi yake hasa ilikuwa kusimama peke yake mbele ya watu, mikrofoni mkononi, na kuandika maneno ambayo televisheni ya inchi yake iliogopa kuyapitisha. Neno moja kati ya hayo lilimpa jina kubwa. Baada ya safari ya Kenya, aliliacha mwenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Pryor alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois. Alilelewa na Marie Carter, mama ya baba yake, ambaye aliendesha nyumba ya makahaba. Mama yake mzazi alifanya kazi humo humo, kisha akaondoka Richard akiwa bado mtoto. Walevi, wacheza kamari na wanawake wa nyumba ile ndio aliokuja kuwaigiza baadaye jukwaani.

Akiwa na miaka 14 alifukuzwa shule. Juliette Whittaker, mwalimu wa maigizo katika kituo cha vijana cha Peoria, ndiye aliyemwona kuwa ana kipaji na kumpa nafasi ya kuigiza. Mwaka 1958 aliingia jeshini, akapelekwa Ujerumani Magharibi. Huko alipigana na mwenzake, na sehemu kubwa ya utumishi wake akaipitisha katika jela ya jeshi.

Aliondoka katikati ya onyesho

Mwaka 1963 alifika New York. Wakati huo Bill Cosby ndiye aliyependwa, kwa vichekesho safi visivyomuuzi mzungu yeyote. Pryor akamwiga. Mambo yakamwendea vizuri: alionekana kwenye televisheni, akaitwa katika kumbi za kitajiri, pesa zikaingia.

Lakini moyoni hakutulia. Mwezi wa Septemba 1967, katika hoteli ya Aladdin huko Las Vegas, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, akajiuliza anafanya nini pale, akaacha onyesho na kuondoka. Baadaye alihamia Berkeley, California. Huko alikaa na waandishi weusi kama Ishmael Reed, akasikiliza hotuba za Malcolm X, na akaanza upya.

Aliporudi, alizungumza kama watu wa mtaa wake. Alimwigiza mlevi wa barabarani, na mzee mmoja wa Mississippi aliyempa jina la Mudbone. Alitumia pia tusi la kale ambalo wazungu wa Marekani waliwaita nalo watu weusi. Aliamini kwamba akilirudia mara nyingi litaisha sumu. Albamu yake ya mwaka 1974, yenye tusi hilo katika jina lake, ilipata tuzo ya Grammy.

Kalamu ilipokelewa, sura ilikataliwa

Katika miaka hiyo hiyo Pryor alikuwa mwandishi. Pamoja na rafiki yake Paul Mooney aliandikia Sanford and Son, mchezo wa televisheni kuhusu mzee mweusi anayeuza vitu vikuukuu. Mwaka 1974 alipata tuzo ya Emmy kwa kuandika kipindi cha mchekeshaji Lily Tomlin. Sanamu ya tuzo hiyo alimpa mwalimu wake, Juliette Whittaker.

Alishiriki pia kuandika filamu ya Blazing Saddles ya Mel Brooks. Brooks alitaka Pryor aigize mwenyewe mkuu wa polisi mweusi, lakini kampuni ya filamu ilikataa, na nafasi ikapewa Cleavon Little.

Desemba 1975 alialikwa kuongoza kipindi cha Saturday Night Live cha NBC. Alidai kwanza Mooney aajiriwe kama mwandishi. Nao wenye televisheni walichelewesha matangazo kwa sekunde chache, ili waweze kukata neno lolote baya kabla halijamfikia mtazamaji.

Mwaka 1977 NBC ilimpa kipindi chake mwenyewe. Kiliwekwa saa mbili usiku, saa ya watoto na wazazi, na tangu siku ya kwanza wakaguzi walikata sehemu ya ufunguzi. Kipindi kilimalizika baada ya mara nne tu.

Safari ya Kenya

Mwaka 1979 Pryor alitembelea Kenya. Akiwa ameketi kwenye ukumbi wa hoteli Nairobi, aliangalia watu waliokuwa wakipita, weusi wa kila kazi na kila cheo. Hakumwona hata mmoja ambaye lile tusi lingemfaa. Akatambua pia kwamba tangu afike hakuwa amelitamka wala kulifikiria.

Alipanga kuliacha. Kwa mtu ambaye albamu zake ziliuzwa kwa jina hilo, haikuwa hasara ndogo. Mooney, mwenzake wa miaka yote, aliendelea kulitumia mpaka mwaka 2006.

Maisha yake mwenyewe hayakupata utulivu kama huo. Alioa mara saba, wanawake watano, na alikuwa mkali nyumbani. Tarehe 9 Juni 1980, baada ya siku nyingi za kuvuta kokaini, alijimwagia pombe na kujiwasha moto. Zaidi ya nusu ya mwili wake iliungua. Mwaka 1982, katika filamu ya Live on the Sunset Strip, alieleza mambo yote mawili mbele ya watu: moto ule na Nairobi.

Mwaka 1986 madaktari walimkuta na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaodhoofisha mwili polepole. Mwaka 1998 kituo cha Kennedy huko Washington kilianzisha tuzo ya Mark Twain kwa ajili ya wachekeshaji, na Pryor akawa wa kwanza kuipokea. Wakati huo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Miaka saba baadaye moyo wake ulisimama.