Dürer, msanii aliyechora viumbe asiowaona

Umewahi kutumiwa picha ya kiumbe wa ajabu kwenye simu, ukaisambaza kabla hata ya kujiuliza imetoka wapi? Basi usidhani mchezo huo ulianza na intaneti. Kutana na Albrecht Dürer.

Jamaa huyu alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka wa 1471. Babake alikuwa sonara. Mamake alizaa watoto 18, na ni watatu tu waliofikia utu uzima. Akiwa na miaka 15 alipelekwa kwa mchoraji Michael Wolgemut kujifunza kazi. Baba yake wa ubatizo, Anton Koberger, alikuwa mchapishaji mkubwa, kwa hivyo kijana alielewa mapema: picha ukiichonga kwenye bamba la shaba, unapaka wino na kutoa nakala nyingi, na kila nakala ni pesa. Mkewe, Agnes, alizipeleka sokoni.

Sasa, enzi hizo mtoto au mnyama akizaliwa na umbo tofauti, watu waliuliza Mungu anatuonya nini. Mwaka wa 1495 mapacha walioungana kwenye paji la uso walizaliwa Worms. Mshairi Sebastian Brant akachapisha karatasi yenye picha yao, akiwageuza watoto wa watu kuwa ishara ya siasa za milki. Mwaka uliofuata, kijijini Landser, akazaliwa nguruwe mwenye kichwa kimoja, viwiliwili viwili na miguu minane. Brant tena, karatasi nyingine!

Dürer hakumwona nguruwe huyo, lakini alimchonga vilevile, na watu wakanunua. (Hata kifaru wake maarufu wa 1515 alimchora bila kumwona.) Ila tazama vizuri: hakuandika unabii wowote. Aliweka herufi za jina lake, A na D, basi.

Mwaka wa 1512 wakazaliwa mapacha wengine walioungana, wasichana, katika kijiji cha Ertingen. Dürer aliwachora kwa kalamu, mbele na nyuma. Chini ya mchoro akaandika siku waliyozaliwa, kijiji chao, kisha jambo ambalo mimi binafsi lilinigusa: kwamba walibatizwa, mmoja Elspet, mwingine Margret.

Dürer alifariki mwaka wa 1528. Mchoro huo uko Oxford, Uingereza, na majina ya wasichana hao bado yapo.