SEMEI KAKUNGULU NA AMRI ZA TAURATI

Miongoni mwa watu mashuhuri waliopata kuishi katika nchi ya Uganda ni Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda. Hakuwa Mwislamu, lakini habari zake zawafaa Waislamu wa Arua na Koboko, kwani zahusu jambo limkabililo kila mwenye dini: je, amri ya Mungu hutiiwa mara moja, au hungojewa hata sababu yake ijulikane?

Kakungulu alizaliwa Koki yapata mwaka 1868. Akaingia dini ya Kiprotestanti, akawa hodari wa vita. Aliitumikia Serikali ya Kiingereza, akaitiisha nchi ya Bukedi na kuuanzisha mji wa Mbale. Alitumaini kufanywa mfalme huko, lakini Waingereza hawakumpa, na mamlaka yake yakapunguzwa. Hapo moyo wake ukageukia dini. Akajiunga na madhehebu ya Malaki, watu walioishika Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali.

Katika kuisoma Taurati aliiona amri ya tohara aliyopewa Nabii Ibrahimu. Wenzake walimpinga wakisema hayo ni mambo ya Kiyahudi. Naye akakata shauri kwamba, ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, naye amekwisha kuwa mtu wa makamo, wala hakuwapo mwalimu wa Kiyahudi wa kumweleza hekima yake.

Hivyo utii ulitangulia, elimu ikafuata. Wafuasi wake huko Gangama walikuwa wakibatiza bado. Mwaka 1920 akafika Myahudi mgeni aitwaye Yosef, akawafundisha kwa miezi kadhaa kalenda ya sikukuu, uchinjaji na vyakula vilivyoharamishwa. Kakungulu, pamoja na ukubwa wake, hakuona haya kufundishwa, ubatizo ukaachwa. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha kanuni na sala. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Wafuasi wake huitwa Abayudaya. Katika utawala wa Rais Idi Amin, 1971 hadi 1979, walikatazwa ibada yao. Wengi wakaiacha, wachache wakaishika kwa siri, na hata leo wangalipo karibu na Mbale.

Mwislamu naye husali magharibi rakaa tatu bila kuambiwa kwa nini si nne. Mtoto wa chuoni huhifadhi sura kabla ya kujua maana yake. Na katika Suratul Baqara imesimuliwa jinsi Bani Israili walivyoamriwa kuchinja ng'ombe, wakazidisha maswali, wakajitia katika uzito. Lakini utii usio na elimu nao una hatari: watu wa Malaki waliikataa dawa ambayo Mungu hakuiharamisha. Basi mwenye busara hutii kwanza, kisha huenda kwa mwalimu, asije akaongeza katika dini lisilokuwamo.

Wallahu aalam.